Mstari wa Kumi na Tatu

Kila ua lilitoka na mstari mmoja wa ziada katikati, likawa kama mdomo ulioachwa wazi kidogo.

Mwandishi wa programu alikitandaza kitambaa kwenye meza ya ukaguzi, akahesabu kwa ukucha. Nusu ya ua ilitakiwa kuwa na mistari kumi na miwili. Ilikuwa na kumi na mitatu. Akahesabu upya kutoka upande wa pili, na ule mmoja ukawa palepale.

"Dada, leo Jumatano," meneja alisema nyuma yake. "Ijumaa ikifika sina kitambaa cha kuuza, nanunua programu ya dukani na lugha ya kaka yako tunaifuta. Usinione mbaya."

"Sikuoni mbaya. Nakuona una haraka."

Kaka yake alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda hiki cha nguo. Aliwatungia wafumaji lugha ndogo ya kompyuta ya kuiamuru mitambo ya kufuma. Ndani yake mlikuwa na makro, yaani jina fupi linalobeba maagizo mengi: mfumaji aliandika neno moja, "ua", na kompyuta ikalikunjua likawa mamia ya nyuzi zinazopanda na kushuka. Programu iliyosoma maneno hayo na kuyakunjua waliiita kichanganuzi. Kaka alifariki mwaka jana. Miezi michache baadaye kompyuta yake ya zamani nayo ikafa, na dada mtu akajitolea kuandika kichanganuzi kipya.

Alikiandika kwa kufuata kijitabu cha maelekezo alichokiacha kaka. Faili ya kichanganuzi cha zamani, ile aliyoiandika marehemu kwa mkono wake, ilikuwa kwenye diski ndani ya droo ya chumba chake, nyumbani kwa mama yao. Hakuwahi kuifungua. Mara tatu aliigusa ile droo, na mara tatu alimsikia kaka akikohoa kidogo nyuma yake, kikohozi kilekile alichokohoa kabla ya kumwambia mtu amekosea.

Siku hiyo alikikagua kichanganuzi kipya, na hakikuwa na kosa. Kijitabu kilisema rudia mara kumi na mbili ni mara kumi na mbili. Akafungua nakshi ya ua iliyoandikwa na wafumaji. Iliandikwa kumi na tatu.

Akamfuata mfumaji mkongwe waliyemwita Bi Nyuzi, aliyekuwa akifunga uzi uliokatika kwa meno.

"Bi Nyuzi, kwa nini mmeandika kumi na tatu?"

"Si moja ni ya fundi?"

"Ya fundi vipi?"

Bi Nyuzi akautema uzi. "Mwanangu, mtambo wa kaka yako ulikuwa unakula mstari mmoja. Ukitaka kumi, unaandika kumi na moja. Ukitaka ua ndani ya ua, unaongeza ndani na unaongeza nje. Hapa hata anayefagia anajua."

"Mbona hamkuniambia?"

"Uliuliza? Ulijifungia na kile kijitabu kama mwali. Sisi tukasema, huyu ni damu yake, atakuwa anajua."

Nakshi zilikuwa mia tatu, makro ndani ya makro, na nyingine kaka aliziandika mwenyewe kwa njia zake. Ni wapi hasa mstari ulikuwa unaliwa? Kijitabu hakikusema. Iliyojua ni faili.

Alasiri hiyo alimkuta mama yake na ufagio mlangoni mwa chumba cha marehemu. Mama alibisha hodi, akangoja kidogo, kama kawaida yake, ndipo akaingia.

"Mama, nataka diski ya kaka."

Mama akamtazama. "Ichukue. Mimi naogopa kuihamisha, asije akaitafuta."

Droo ilikwama, kisha ikakubali. Kikohozi hakikuja. Hilo lilimtisha kuliko kikohozi chenyewe. Alikaa kwenye kitanda kisicho na shuka, akaweka kompyuta magotini na kusoma mwandiko wa kaka, mistari mifupi yenye mapengo mengi, kama mtu anayezungumza huku akipanda ngazi. Palipohesabiwa marudio, alikuta maneno ambayo kompyuta huyapita bila kuyasoma, yaliyowekwa kwa ajili ya macho ya binadamu tu. Tarehe yake ilikuwa ya wiki aliyolazwa hospitalini.

"Hapa nilikosea kuhesabu. Najua. Bi Nyuzi amesema nikirekebisha ataninyonga kwa uzi wangu. Dada, ukifika hapa, cheka, halafu pita."

Hakuweza kucheka. Alisoma neno "Dada" hadi mama akaja na chai, na chai ikapoa.

Alhamisi alilirudisha kosa katika kichanganuzi kipya, mahali palepale, kwa hesabu ileile. Chini ya maneno ya kaka akaandika: "Nimefika."

Ijumaa asubuhi meneja alikunja mikono. Mtambo ukaanza kugonga, wafumaji wakasogea, na nusu mbili za ua zikakutana bila pengo.

"Lugha inabaki," meneja alisema, akaenda kupiga simu.

Bi Nyuzi alimgusa kiwiko. "Umeisikia ile moja ya fundi?"

Aliisikia. Baada ya pigo la kumi na mbili mtambo ulinyamaza kidogo kabla ya kugeuka, na katika ukimya ule, urefu wa mstari mmoja, mtu alikohoa. Akasimama kusubiri ua linalofuata.