Jiko la Serikali Chini ya Kitambaa

Sikusoma sana, na huenda nakumbuka vibaya, lakini nitajaribu kumtendea kila mtu haki, hata serikali.

Mama yangu alikuwa anakohoa. Huku kwetu karibu na Nyamache, kila mama aliyepikia mafiga miaka mingi anakohoa, kwa hiyo tukasema ni uzee. Halafu akawa hawezi kupanda kutoka shamba la majani chai bila kuketi njiani. Tabibu wa zahanati akauliza anapikia nini. "Kuni," nikajibu mimi, maana mama hakuwa na pumzi ya kujibu. Tabibu akasema dawa atampa, ila moshi ukiendelea, siku moja pumzi hiyo haitarudi.

Baadaye ikatangazwa barazani kwamba serikali itagawa majiko ya moshi kidogo. Mimi nilisema hayatakuja. Yalikuja. Mama akapewa lake, linang'aa, na afisa akatufundisha kwa subira namna ya kuliwasha, akarudia kwa Ekegusii, lugha yetu.

Mama akalipeleka sebuleni. Akaliweka kando ya redio, akalifunika kwa kitambaa cha maua mekundu alichofuma mwenyewe, kile kinachotolewa pasta akija. Kisha akarudi kwenye mafiga.

"Mama, hilo ni la kupikia."

"Najua. Nilikuwepo tukifundishwa."

"Sasa?"

"Nilitie masizi, halafu wakija kuliangalia? Utajibu wewe?"

Mtu aliyesoma labda angepata la kusema. Tena juu ya mafiga yalining'inia mahindi ya mbegu, na bila moshi wadudu wangeyamaliza. Hapo sikumbishia kabisa, kwa sababu mbegu hizo nami huzipanda.

Afisa akaja kweli kukagua. Mama akafunua kitambaa. Afisa akainama, akapitisha kidole kwenye jiko. Safi.

"Magokoro," akasema, yaani bibi, "tungepata watu kama wewe kila kijiji, mradi huu ungefika mbali."

Akampiga picha na jiko lake. Simlaumu. Alikuwa na nyumba nyingi za kuzunguka, na jiko kweli lilikuwa safi.

Mama akaenda kumchemshia chai. Moshi ukatufikia sebuleni, afisa akajifuta macho. Tukasikia kikohozi kirefu, halafu kikanyamaza, na huko kunyamaza ndiko kulikotuinua. Tulimkuta ameketi chini kando ya moto, mdomo wazi, hewa haiingii. Tukambeba hadi nje. Pumzi ilirudi polepole, kama mtu asiye na hakika na nyumba anayoingia.

"Chai haijachemka," akasema.

Afisa akaingia sebuleni, akatoka na jiko, akaliwasha uani kwa vijiti vya majani chai yaliyopogolewa. Alipoinua sufuria, jiko lilikuwa na doa jeusi ubavuni.

"Limeshachafuka," akamwambia mama. "Wakikuuliza, sema ni serikali imelichafua."

Mama akanigeukia. "Umesikia, mwanangu? Wewe ni shahidi."

Tangu siku hiyo analitumia kupikia. Mahindi ya mbegu nayafukizia mimi kwenye mafiga, mlango wazi, naye anakaa nje kwenye hewa safi akinielekeza kwamba moshi ni mdogo, niongeze majani mabichi. Anapanda kutoka shambani bila kuketi njiani. Kitambaa sasa kinafunika redio.

Siku hizi nakohoa kidogo. Nadhani ni vumbi.