Mishubiri Katika Kofia za Mgodi

Mvua ikianza kunukia hapa mtaani kwetu Kapata, sisi wote tunakimbilia nguo kwenye kamba. Jirani yangu, mchomeleaji mstaafu wa mgodini, anakimbilia mishubiri yake. Ameipanda katika kofia ngumu za kazini alizozitoboa chini. Kila asubuhi anaifuta vumbi la malori, jani kwa jani, kwa kitambaa kibichi. Kabla ya kumwagilia anachomeka kidole mchangani, na nikisogea na ndoo ya maji ananikaripia: "Hapana, mama! Hii haipende mayi mingi!"

Jana wingu lilipopasuka, mashati yake yalikuwa yanalowa kambani, naye yuko barazani amekumbatia kofia moja. Ilikuwa ya ule mshubiri uliooza mizizi, akaukata na kuupanda upya, tukamcheka. "Mama, kuya! Kuya uone!" Nikavuka matope mbio. Ubavuni mwa shina ilichungulia ncha ya kijani, ndogo kama jino la kwanza. "Iko na mutoto!" alipaza sauti mpaka wa nyumba ya pili wakatoka. Kwa mikono ile iliyozoea moto akaninyanyulia kofia nione vizuri. Nguo zangu nazo zilikuwa bado kambani. Niliziona, wala sikwenda.