Kaka Aliniambia Mwanangu Anaomba Nazi Zaidi, Kumbe Walishamzika

Admin, naomba unifiche sana, maana huku kwetu kila mtu anamjua mwenzake. Mimi ni mama wa miaka arobaini na mbili, naishi kijiji kimoja upande wa Mpapura, kazi yangu mikorosho na mihogo. Shule niliishia darasa la nne, mkiona maneno yamekaa vibaya mnisamehe. Baba watoto alishaoa kwingine, akaniachia watoto wawili. Wiki ijayo natakiwa mahakamani Mtwara mjini niseme kama nimemsamehe kaka yangu wa damu, aliyeniulia mwanangu. Nina hasira.

Mwanangu nitamwita Hamisi, si jina lake. Likizo ya katikati ya mwaka jana kaka akasema mtoto aende jando. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno, na kaka mwenyewe ndiye ngariba. Nilikubali kwa sharti moja, tena nikamwambia mbele ya mama yetu: "Kaka, watoto siku hizi wanatahiriwa zahanati, kumbini huko porini wanakwenda kufundwa tu. Wangu naye iwe hivyo hivyo." Akacheka. "Mama Hamisi, na wewe umekuwa daktari? Haya, zahanati nitampeleka mwenyewe kwa pikipiki." Hakumpeleka. Alimkata mwenyewe huko huko porini.

Sisi kina mama haturuhusiwi kusogea kumbini. Tunapika, wanaume wanapeleka. Nilipika jamani! Ugali na samaki wa nazi, siku nyingine ming'oko, ile mizizi ya porini tunayochemsha, kwa sababu aliipenda. Kaka akipita nyumbani namuuliza, "Mwanangu anaendeleaje?" Ananijibu, "Anakula, anamaliza. Anasema uongeze nazi." Nami nikaongeza nazi.

Siku ya watoto kutoka, wenzangu wanapiga vigelegele, mimi nimeshika shati jipya na suruali yake. Naangalia sura moja moja, wangu simwoni. Akaja mzee mmoja, akaniwekea miguuni bakuli la Hamisi limepasuliwa katikati. Kwa wasiojua mila zetu, ukirudishiwa chombo hivyo ujue mtoto wako alishakufa, na hutakiwi kulia kwa sauti mpaka wengine wamalize furaha yao. Mimi nililia. Wakanifunga mdomo kwa kanga yangu mwenyewe.

Alikufa siku ya pili tu baada ya kuingia. Siku zote nilizopika nilikuwa nampikia marehemu. Hivi nani alikuwa anakula kile chakula? Aliwezaje kukimeza?

Wakasema ni homa. Mama yangu mzazi akanishika mkono: "Mwanangu, sema alitoka na homa nyumbani. Mungu amechukua chake. Kaka yako unaye mmoja." Sikusema. Nikaenda polisi. Kaburi likafukuliwa, daktari akasema mtoto aliishiwa damu, kaka akakamatwa. Nikajua sasa nimepata haki.

Kumbe sheria ina vifo vya aina aina! Mpelelezi akaniketisha, akasema, "Mama, hii si kesi ya mauaji. Hakuwa na nia ya kumuua. Hii ni kuua bila kukusudia." Nikamuuliza, "Na mwanangu amekufa bila kukusudia?" Akanielewesha taratibu. Mauaji mtu ananyongwa, na dhamana hapati. Hii nyingine anaweza kufungwa hata maisha, ila jaji akimwonea huruma anampa miaka michache au kifungo cha nje, na dhamana ipo. Na kweli kaka yuko nje. Anapita mbele ya mlango wangu na jembe begani, ananiuliza habari za asubuhi!

Juzi kaja na wakili wake. Anataka kukiri kosa, na mimi nisimame niseme familia tumeshasamehe ili asiende gerezani. Kaka akaongeza, "Mdogo wangu, ile bahati mbaya. Hata dereva anagonga mtu. Tuyamalize, huyu mdogo wake Hamisi nitamlea mimi." Maji niliyokuwa naoshea vyombo niliwamwagia wote wawili, wakili na shati lake jeupe.

Sasa kuna jambo polisi hawalijui. Kijana mmoja aliyekuwa mlezi wa watoto kumbini alinijia analia. Kasema Hamisi hakufa pale pale alipokatwa, alikuwa hai mpaka kesho yake mchana, ananiita mimi. Kijana akamwambia kaka, "Mzee, niite bodaboda, zahanati si mbali." Kaka akamjibu, "Na wakiuliza nani kamkata, utawajibu wewe? Kaa chini." Kijana ananiambia, "Mama, mimi mwenyewe naogopa kwenda polisi, kijijini watanifukuza. Lakini ukinitaja, sitakukana."

Nikilisema hili, sijui serikali itabadilisha kesi iwe mauaji na kaka yangu anyongwe. Mama ameshanitolea maneno, kwamba nikisema lolote la kumzidishia kaka adhabu nisikanyage kwenye msiba wake. Na anaishi kwa kaka, kaka ndiye anayemlisha. Nikinyamaza, kaka anarudi nyumbani kama mtu aliyevunja sahani kwa bahati mbaya.

Msiniambie nisamehe tu, hilo naambiwa hapa kila siku. Mwenye kujua sheria anijibu: mtu mzima anamtazama mtoto anaishiwa damu, pikipiki ipo, zahanati ipo, anaamua asimpeleke ili asijulikane. Hapo bado hajakusudia? Na ninyi kina mama wenzangu, jaji atakaponiita niseme, mngekuwa mimi mngesema nini, na mama yenu amekaa benchi la nyuma anawatazama?