Nilisingizia Betri

Nilikosea, tena nilikosea kwa sauti kubwa. Jina langu mniachie, maana bado nafundisha.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu, nikatumwa mazoezi ya kufundisha katika shule ya msingi upande wa Khayega. Chuoni nilikuwa bingwa wa kuhubiri teknolojia. Mwalimu wa kesho, nilisema, hatapayuka na chaki. Mashine itafundisha, na mashine haikosei. Basi nikaazima redio ya kaseti ya mjomba. Shule nzima ilikuja kuitazama, na mwalimu mkuu akaifutia meza vumbi kwa mkono wake.

Darasa la nne lilikuwa na Muhonja, msichana aliyeshika shairi kwa kulisikia tu. Akachaguliwa kwenda tamasha mjini Kakamega. Nikatunga shairi la uchaguzi, nikalisoma na kujirekodi kwenye kaseti, nikamwachia redio. Mimi huyo, ofisini kwa chai.

Mama Ayuma, mwalimu wa darasa lake, akaniambia, "Kijana, si ukae na mtoto umsikize?"

"Mama, kaseti haichokangi," nikamjibu. Betri zikilegea tulizianika juani, kazi ikaendelea.

Siku ya tamasha nilikaa mbele kabisa. Muhonja akasimama wima, akakariri bila kukwama: "Twendeni tupige kula, tusirudi kurara njaa."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mimi pia nilicheka, jamani. Nilimcheka mtoto wangu mwenyewe!

Kisha, kabla ya ubeti wa mwisho, akakohoa kidogo. Kikohozi kile nilikijua. Kilikuwa changu, kutoka kwenye kaseti. Na kila l na r alikuwa amezigeuza palepale nilipozigeuza mimi.

Alinijia nje akilia. "Mwalimu, nilisema tu vile ledio ilisema."

Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia betri zilikuwa zimelegea, ndiyo maana hakusikia vizuri. Akaomba msamaha.

Tangu hapo Muhonja hakukariri tena. Akiulizwa swali darasani, aliangalia miguu yake. Mimi mazoezi nilifaulu, nikasifiwa kwa kutumia vifaa vya kisasa.

Nyinyi mnaosomea ualimu, mashine leteni, sikatai. Lakini mjisikilize kwanza, na mtoto akikosea kwa ajili yenu, mwambieni hivyo siku hiyo hiyo. Mimi kaseti ile ninayo bado. Betri hazikuwa na kosa, na Muhonja hajui.