Sema Ndembo

Binti yangu amerudi na mikono inayonata mabibo, akanikalia mapajani na kitabu chake cha picha. Harufu ya mabibo hayo imenirudisha nyumbani kwetu Nambambo, msimu wa korosho, mchana wa jua kali.

Mdogo wangu alikuwa anachemka homa. Baba alikwenda kuazima baiskeli ya kumpeleka hospitali. Mama alimpakata, akimkanda kwa kanga iliyoloweshwa maji, akaniambia, "Msomee kitabu chake. Usimwache alale."

Kitabu tulikuwa nacho kimoja tu, kurasa zimegandana kwa maji ya mabibo. Siku zote nikifika kwenye picha ya tembo nilinyamaza, naye akapiga kelele, "Ndembo!" kama tulivyosema nyumbani. Nami, kwa kuwa shuleni tulichapwa kwa kuongea kilugha, nilimfinya kila mara. "Si ndembo. Sema tembo!"

Siku ile nilifika kwenye picha, nikanyamaza. Alitazama tu. Nikarudi ukurasa wa kwanza, nikasoma mbiombio hadi palepale. Kimya. Nikasoma tena.

"Sema ndembo," nikamwomba. "Sema tu ndembo, sikufinyi."

Nilikuwa bado nasoma baba alipoingiza baiskeli uani. Mama alinyoosha mkono, akakifunga kitabu, kisha akamfunika mdogo wangu uso kwa ile kanga.

Sasa binti yangu anagusa picha. "Tembo," anasema, sawasawa kabisa.

"Sema ndembo," namwambia.

Anacheka. "Umekosea, mama."