Ukiitwa Kwenye Chai, Itikia

Sikuanza kuendesha baisikeli kwa kupenda mazoezi. Binti yangu Cherono, wa miaka mitano, alikuwa akitapika ndani ya gari kila asubuhi, hata akawa analia akiliona tu, na shule yenyewe akaichukia. Basi Jumatatu moja nikafunga kiti kidogo nyuma ya baisikeli. Mume wangu alicheka mpaka akamwaga chai.

"Mama Cherono, watu watasema gari imekufa."

"Wacha waseme. Mimi nataka mtoto asome."

Saa kumi na mbili na nusu tulitoka nyumbani, upande wa Kericho unaopakana na Bomet, tukashika njia ya mkato inayopita katikati ya shamba kubwa la chai. Getini tulimkuta Moraa, askari mwanamke mwenye kabuti refu. Zamani alikuwa mchumaji pale, kabla mashine hazijaletwa.

"Leo ukungu imekaa chini sana," alisema. "Ukipotea, ita. Sisi wachumaji tulikuwa tunaitana hivyo, na mtu akiita lazima aitikiwe. Na wewe ukiitwa, itikia. Usiulize ni nani."

Nilimshukuru, nikaona ni maneno ya mtu aliyekesha na baridi.

Mteremkoni, cheni ikatoka. Nilimshusha Cherono, nikainama kuirudisha. Nilipoinua kichwa, mikono imejaa grisi, mtoto hayupo.

Niliita. Ukungu ukameza jina lake. Niliita tena, kwa nguvu zaidi, maana sikuwa nimewahi kuogopa vile maishani. Ndipo mwanamke akaitikia kutoka chini, "Huuu!" na mwingine karibu zaidi, "Huuu!" Nilizifuata sauti hizo nikipasua michai, sketi imelowa umande. Cherono alikuwa amesimama ukingoni mwa mtaro uliojaa maji, mkono mmoja ameuinua, kama mtoto anayevushwa barabara.

"Ulikuwa na nani?"

"Na ule mama. Amesema nisisonge, unakuja."

Nilimshika mikono yote miwili. Mmoja ulikuwa baridi kama barafu. Ule alioinua ulikuwa na joto.

Shuleni tulifika kengele ikilia. Mwalimu wake alimkagua sweta.

"Leo hajatapika?"

"Leo hajatapika," nilisema. Cherono alikimbia darasani bila kugeuka, nami nikajikuta nataka kulia kwa furaha.

Nikirudi peke yangu, ukungu uliinuka kidogo. Michai yote ilikuwa imekatwa na mashine, sawasawa kama meza, hakuna mtu wala kikapu. Kisha ukashuka tena, na mtoto akaita nyuma yangu.

"Mama!"

Nywele zilinisimama. Wangu nilikuwa nimemwona akiingia darasani. Nilitaka kukanyaga pedali nikimbie. Lakini asubuhi hiyo hiyo mimi pia niliita, na kuna aliyeniitikia.

"Niko hapa," nilisema. "Njoo."

Majani yakatikisika. Baisikeli ikalemea nyuma. Nilipanda mlima hadi getini nikihema, na Moraa akafungua bila kuuliza kitu, macho yake kwenye kile kiti kidogo.

Kesho yake Cherono alipanda, akajibana upande mmoja. Nikamwambia akae katikati.

"Si amekaa hapo," akasema.

Siku hizi anaipenda shule, na hunihimiza tusichelewe. Safari ile ilinifunza kuitikia. Namna ya kumwambia mtu ashuke, bado sijajifunza.