Maskati ni Maji Mangapi

Kwetu Mbwera safari haipimwi kwa kilomita. Inapimwa kwa maji: yakijaa unaondoka, yakipwa unakaa kitako na boti imelala kwenye tope, hata uwe na haraka ya harusi. Kwa hiyo nilipomwambia mama kwamba mume wangu amepata kazi Maskati na mimi namfuata, hakuuliza mshahara wala nyumba.

"Maskati ni maji mangapi?"

Nilikuwa nimeshaangalia kwenye simu. Kutoka Dar ni karibu kilomita elfu nne, na ndege ikienda moja kwa moja ni saa tano na ushei. Nikamjibu kwa kujidai, "Hata maji mamoja hayatimii, mama. Yakianza kujaa naruka, hayajamaliza kujaa nimeshatua."

"Usinifanye mtoto."

"Wallahi tena."

Akaendelea kupepeta mchele. Kisha, macho yake kwenye ungo, akasema, "Basi siku nikiitwa, utanikuta sijatolewa?"

Kwetu maiti hacheleweshwi. Anayefariki asubuhi, alasiri keshasitiriwa. Nikaanza kuhesabu upya. Angani hapana taabu. Dar mpaka Bungu ni lami. Shida ni kipande cha mwisho: kuteremka bandarini Nyamisati, kungoja boti, kungoja maji. Yaani nchi za watu nizivuke upesi hivyo, halafu nikwamie mlangoni kwetu, mama yangu anazikwa nami nimekaa kwenye tope na begi langu.

Kumdanganya ningeweza, na wengine wangesema ndiyo heshima. Nilishindwa.

"Sijui, mama," nikasema, na machozi yakanitoka palepale.

"Kalie nje, unanilowanishia mchele." Lakini sauti yake ilikuwa ya chini, na mkono wake mmoja uliacha ungo ukanishika goti.

Nikaenda zangu Maskati. Kila nikipiga simu alinieleza habari za mpunga na za nguruwe pori wanaoumaliza, na lile swali hakulirudia. Mimi nililala nalo.

Mjomba wangu, kaka yake mama, anakaa Bungu kando ya barabara kuu. Miaka yote alimwita dada yake ahamie kwake na mama alikataa katakata. Alisema Bungu ni vumbi tupu, na samaki wake wana umri mkubwa kuliko yeye. Sasa siku moja mama ananipigia, na nyuma yake nasikia malori.

"Uko wapi, mama?"

"Bungu, kwa mjomba wako. Nimekuja na kuku wangu."

"Umekwenda kutembea?"

"Nimehama. Kile kipande cha tope nimeshakuondolea, mwanangu. Cha angani kiko juu yako."